Aliyeniita Lamboni

Sehemu ya Tano

Aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita asogee hapa nimrudishe njiani, asije akaniuliza katikati ya msiba, "Huyu naye ni nani?"

Mimi ni Naipanoi, mjane wa Lekakeny, mfugaji wa Kwedizinga kule Handeni. Sikujaliwa mtoto. Mume wangu alikufa kwa homa, nikabaki katika boma la baba mkwe wangu, mzee Keriako, nikiwa mke mkubwa, wa mwanawe wa kwanza, lakini asiye na mume.

Jumapili moja ya kiangazi mwinjilisti wetu, Habakuki, alisimama kanisani akasema anatafuta mtu wa kushuka Ngombezi, kwenye kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Kuna wanawake wa kwetu walikuwa wamekwenda huko kuuza dawa na shanga, wametawanyika, hawana wa kusali naye. "Mungu akimtaka mtu," akasema, "atamwita kwa jina." Sote tukainamisha vichwa kama watu waliodondosha sindano.

Kesho yake nilikwenda lamboni kuchota maji peke yangu. Nikasikia sauti ya mwanamume inaniita, "Naipanoi!" Nikatupa ndoo, nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikalia, nikasema nitakwenda.

Na kweli nilikwenda. Nilipofika Ngombezi, wale wanawake walikuwa wameshahamia Tanga mjini na shanga zao. Habakuki naye akahamishiwa mbali. Ndipo tulipoachana wiki jana: mimi katika chumba walichokiacha wale wanawake, nimekaa juu ya kitanda cha kamba, namwuliza Mungu, "Sasa?"

Labda unajiuliza kuna ajabu gani mtu kuitwa jina lake. Hata mbuzi huitwa.

Kwa mwanamke wa kwetu ni ajabu kubwa. Ukiolewa, jina ulilopewa kwa baba yako unaliacha kwa baba yako. Ukizaa, unaitwa mama fulani, maisha yanaendelea. Mimi sikuzaa. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, lakini hawakusema hilo jiwe litampa jina gani.

Siku nilipoingia bomani kama bibi harusi, mzee Keriako alinizawadia mtamba mwekundu. Tangu siku ile yeye na mimi tukaitana Entawuo, yaani mtamba, kwa heshima ya zawadi ile. Bomani wote wakalidaka, nikawa Entawuo mpaka kwa watoto. Jina la Naipanoi alilitaja Lekakeny peke yake, tukiwa ndani, na Lekakeny nilishamzika.

Mwanamume mwingine wa bomani hathubutu. Baba mkwe ndiyo kabisa. Akilitaja jina la usichana la mke wa mwanawe, wazee wenzake wanamtoza kondoo, na wanamla kondoo huyo huku wanamcheka mzee. Kondoo atakwisha siku hiyohiyo, lakini kicheko kitamsindikiza mpaka kaburini.

Basi niambie wewe. Sauti inayonijua kwa jina lile, kule porini, ingekuwa ya nani kama si ya Yule aliyenijua kabla sijaolewa? Sikumwuliza mtu. Sikungoja sauti ya pili.

Sasa tuendelee.

Ngombezi jina langu lilikuwa Mmasai. "Mmasai, una dawa ya mgongo?" "Mmasai, leo husuki nywele?" Nikiwaambia sina dawa na sijui kusuka, wananitazama kama nimewadanganya. Wengine walikuwa wakarimu, usinielewe vibaya. Lakini mtu anaweza kukupa chumvi kila siku na asijue unaitwa nani.

Hata chumba kilinishinda kukizoea. Kwetu nyumba anajenga mwanamke. Unakata fito mwenyewe, unazisuka, unakandika kwa mavi ya ng'ombe, mpaka ukuta unakuwa na alama za vidole vyako. Maisha yangu yote sikuwahi kulala ndani ya nyumba ambayo haikujengwa na mimi au mama yangu. Kile chumba cha kambi kilijengwa na mtu nisiyemjua, na kila asubuhi nilipofumbua macho nilijiona nimelala kwa watu.

Niliomba. Nilisema, Bwana umeniita, nimekuja, sasa sema. Kimya. Nikafunga kula. Kimya, na njaa juu yake.

Sauti pekee niliyosikia ni ya jirani. Kuta za kambi hazifiki kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa kwanza anamwambia pole. Upande wangu wa kushoto alikaa bibi Chausiku. Alianika singa, zile nyuzi za mkonge, juani tangu usichana wake, mpaka kiharusi kilipomwangusha. Kilimchukulia mkono wa kulia na ulimi wote. Alibaki na mguno tu.

Mjukuu wake, Munira, alikuwa akifanya kazi korona, kule kiwandani wanakosindika mkonge. Aliondoka kabla jua halijatoka, akimfungia bibi ndani kwa kufuli kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mara ya kwanza niliposikia ule mguno nilidhani ni ndama. Nikajikuta naimba wimbo tunaomwimbia ng'ombe anayekataa kutoa maziwa, naimba nikiutazama ukuta kama mwendawazimu. Mguno ukanyamaza. Nilipoacha kuimba, ukaanza tena.

Jioni Munira alinigongea. "Mama Mmasai, majirani wanasema umemwimbia bibi. Naomba nikuachie ufunguo. Ukiweza umpe uji, ukishindwa basi umwangalie tu."

Nikapokea. Nilikuja kuwakusanya wanawake wa Kimaasai, nikaishia kumlisha uji bibi wa Kizigua anayevuta tasbihi kwa mkono wa kushoto. Sikulalamika. Niliona ni kazi ya kupitishia siku, wakati namsubiri Mungu aseme.

Siku moja, namfuta midomo, nilimwambia, "Bibi, mimi si Mmasai tu. Mimi naitwa Naipanoi. Usijali ukishindwa kulisema, hata kwetu hawalisemi." Akanikazia macho. Midomo yake ikacheza, ikacheza, halafu akachoka akalala. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia peke yangu, maana ndivyo siku zangu zilivyokuwa.

Hayo ndiyo maisha yaliyokutwa na zile pikipiki.

Nilikuwa nje nasuuza bakuli la uji wa asubuhi. Filomena, jirani yangu wa upande wa pili, mke wa mkata mkonge, mwenyewe mkaanga vitumbua, ndiye aliyeziona kwanza.

"Mmasai! Umetumiwa msafara."

Pikipiki mbili zilikuwa zinaingia kambini zinatimua vumbi. Ya mbele ilimbeba mzee Keriako, shuka imebana kiunoni, kofia kichwani, fimbo imesimama juu kama antena. Ya nyuma haikuwa na abiria.

Nilielewa kabla hajashuka. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai siti moja, hata kama ni ya pikipiki. Ile tupu ilikuwa yangu.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia, nikainamisha kichwa. Akanigusa utosini kwa kiganja, akakiondoa upesi.

"Shikamoo, mzee!" Filomena akaingilia. "Karibu ndani, jua hili litakuua."

Maskini, alitaka kunisaidia. Mzee hawezi kuingia nyumba ya mke wa mwanawe, afadhali jua limuue kweli. Filomena alipoona hainuki mtu, akamletea kigoda. Mzee akakaa akiugeukia mkonge. Mimi nikakaa kizingitini nikiugeukia ukuta. Ndivyo tunavyozungumza, kila mmoja na upande wake. Filomena akatutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vitumbua vyake. Kimaasai chenyewe hakijui, kwa hiyo hakupoteza kitu.

"Entawuo," mzee akaanza. "Boma linahama."

"Linakwenda wapi, baba?"

"Kwaluguru. Kwedizinga majani yamekwisha. Nimeshasimika tawi patakapokuwa lango. Wanawake wameanza kukata fito."

Nililiona lile tawi kama liko mbele yangu.

"Kulia mwa lango pako wazi," akasema. "Ni pako. Basi la mchana tukilipata, kesho asubuhi unakata fito pamoja na wenzako."

Wewe msomaji wa mjini unaweza kusema, nyumba ni nyumba, atajenga mwaka ujao. Hapana. Boma likihama, nyumba za zamani zinaachwa zioze. Kila mke anajenga upya mahali pake, kwa mikono yake, na mke mkubwa ni kulia mwa lango. Hujengewi na mtu. Usipokuwepo siku za kujenga, uzio wa miiba unapita palepale palipokuwa pako, na habari yako imekwisha. Mwanamke asiye na nyumba bomani hana moto, hana ng'ombe wa kukamua, hana pa kurudi. Aliye na watoto watamtetea. Mimi ningetetewa na nani?

"Na nisipokuja?"

"Nemayian atajenga kulia."

Nemayian ni mke wa mdogo wake Lekakeny. Mwanamke mzuri, mchapakazi, sina neno naye. Lakini nilipolisikia jina lake limekaa mahali pangu, nilimchukia kwa dakika nzima.

"Baba," nikasema, "mnajua kilichonileta huku. Niliitwa."

"Najua unasema uliitwa. Sasa huku unafanya nini?"

Hilo swali ndilo nililokuwa nikijiuliza mwenyewe kila asubuhi, lakini kuulizwa na mwingine kunauma zaidi.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Aseme tena."

Mzee akashusha fimbo. Akawa anachimba ardhi kwa ncha ya fimbo, kishimo kidogo, anakifukia, anakichimba tena.

"Pale lamboni alikwambia nini?"

"Aliniita jina."

"Jina tu?"

"Jina tu."

"Hakukwambia Ngombezi?"

"Ngombezi aliisema Habakuki kanisani."

Akavuta pumzi. Nikasikia kifua chake kinakwaruza.

"Entawuo, hukuitwa na Mungu."

Nilimwonea huruma. Mzee hajawahi kuukanyaga mlango wa kanisa hata kwa mvua, atajuaje nani kaitwa na nani hakuitwa? Nikajiandaa kumjibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto.

"Nilikuita mimi," akasema.

Upole wote ukaniishia.

"Unasema?"

"Nilikuwa ng'ambo ya lambo natafuta ndama. Wewe umeinama na ndoo. Nyuma yako kwenye tuta kulikuwa na koboko, kasimamisha kichwa. Ungerudi nyuma kidogo tu ungemkanyaga." Akatema mate pembeni. "Mdomo haukungoja ruhusa yangu. Ningekuita Entawuo kama siku zote, lakini lilitoka lile. Jina ulilokuja nalo kutoka kwa baba yako."

"Sikukuona."

"Nilikuwa nyuma ya migunga. Ulishtuka, ukatupa ndoo, ukaruka pembeni. Nyoka akatokomea kabla hujageuka. Nikataka kujitokeza. Ndipo nikakuona umepiga magoti, unalia, unasema nitakwenda, Bwana, nitakwenda." Akatikisa kichwa. "Ningetoka niseme nini? Niseme huyo Bwana ni mimi?"

Msomaji, nisikilize. Tangu siku ile ya lamboni nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikatoa ushuhuda. Wanawake walilia. Habakuki aliniwekea mikono. Nililiaga boma, nyumba kwa nyumba. Na huyu mzee alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake langoni.

"Ulinitemea mate ya baraka!" nikamwambia. Nilisahau hata kuutazama ukuta, nilimkazia macho yeye. "Nilipiga magoti mbele yako siku naondoka, ukanibariki! Kwa nini hukusema?"

"Wazee wangenitoza kondoo."

"Kondoo!"

"Si kondoo, Entawuo. Ni ile aibu."

"Umeniacha nimeondoka kwangu, nimekuja kukaa mahali nisipomjua mtu, kwa sababu unaogopa kuchekwa?"

"Nilidhani utarudi baada ya siku chache. Watu wa kanisa wanakwenda na kurudi." Sauti yake ilishuka. "Hukurudi. Sasa boma linahama, na mwanangu akiniuliza huko aliko, mke wangu umemweka wapi, nitamjibu nini? Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Sikumtuma mtu."

Sikutaka kuamini. Mtu akizama hushika hata unyasi, nami nilikuwa na unyasi mmoja.

"Litaje," nikasema.

"Nini?"

"Hilo jina. Kama uliniita wewe, litaje nisikie."

"Usinifanyie hivyo."

"Litaje, baba."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na wale waendesha bodaboda wawili wanakula vitumbua, na Filomena na karai lake. Hapakuwa na mtu wa kwetu hata mmoja. Akautazama mkonge, mistari ile inayokwenda mpaka chini ya milima, akafungua mdomo.

"Naipanoi!"

Ilikuwa ndiyo. Nzito, inakwaruza, inapanda mwishoni kama mtu aliyeona hatari. Sauti niliyoitafuta kwa kufunga na kuomba ilikuwa imekaa kwenye kigoda cha Filomena.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilichosikia ndani yangu sitakuficha. Nilikuwa mpweke nilipomzika mume, nilikuwa mpweke kila mwanamke wa bomani alipobeba mtoto mgongoni, na Ngombezi nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na bakuli. Lakini kote huko nilikuwa nimeshika kitu kimoja, kwamba juu kuna anayelijua jina langu. Sasa na hicho kilikuwa kimekwenda. Kumbe Mungu hakuwahi kunitazama hata mara moja. Alikuwa mzee anatafuta ndama.

Nikainuka.

"Nafunga vitu vyangu," nikasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakufurahi. Hilo nalo nililiona, ingawa wakati ule halikunifaa kitu.

Vitu vyangu havikuwa vingi: shuka mbili, kibuyu, shanga za mama yangu. Nilipotoka nikamwendea Filomena na ule ufunguo wa kufuli.

"Wa bibi," nikamwambia. "Umpe Munira akirudi."

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Kujenga."

"Na uji wa mchana?"

"Utampa wewe."

"Mimi?" Filomena akaweka upawa chini. "Mmasai, unajua vizuri kwamba kwangu anakaza meno. Nilishajaribu kabla yako, nikamwaga uji wote kifuani mwake. Hata Munira mwenyewe humlisha kwa kumbembeleza. Kwani Mungu wako amesema urudi?"

"Hakuwahi kusema kitu, Filomena. Alikuwa baba mkwe."

Nikamweleza kwa maneno machache, nyoka, lambo na jina. Nilijua atacheka. Filomena hucheka hata msibani. Aliponiona mara ya kwanza nikimweleza habari za wito wangu aliniambia, "Mungu akuite Ngombezi? Hapa hata mtandao wa simu mpaka upande juu ya tenki!"

Siku hiyo hakucheka.

"Haya," akasema. "Kule lamboni alikuita mkwe. Nimeelewa. Na hapa nani alikwambia uanze kumwimbia ukutani?"

"Hakuna mtu. Nilisikia tu analia."

Filomena akafuta mikono kwenye kanga, mafuta yanaungua nyuma yake.

"Sawa," akasema. "Lete ufunguo."

Nikampa. Chuma kilikuwa kimepata joto mkononi mwangu, nikabaki nakisikia hata baada ya kukiachia.

Ili kuzifikia pikipiki ilibidi nipite mbele ya mlango wa bibi Chausiku. Saa ile huwa naimba. Nikipita kwenda kuchota maji naanza wimbo nikiwa nje, ili ajue niko karibu, na yeye hugonga kitanda kwa mkono wake mzima. Nilipita bila kuimba. Nilikanyaga taratibu, kama mwizi. Sikusikia akigonga.

Ningeingia kumwaga? Ningemwambia nini mtu asiyeweza kunijibu? Nakiri kwamba niliogopa macho yake.

"Mama, panda," yule dereva wa pikipiki ya pili akasema, anafuta mdomo. "Basi la Handeni halina mjomba. Likijaa linaondoka."

Mzee Keriako alikuwa ameshakaa nyuma ya mwenzake, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka. Pikipiki zilikuwa hazijawashwa. Nikaufunga mzigo wangu nyuma kwa mpira. Nikashika bega la dereva. Mguu wa kushoto nikauweka kwenye kikanyagio.

Moyoni nilikuwa nimeshafika Kwaluguru. Nilishaanza kuchagua fito. Nilikuwa naona pale kulia mwa lango, udongo mbichi, mikono yangu imejaa kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye viwiko, Nemayian ananisogezea maji. Nilitaka kwangu. Wala sioni aibu kusema, nilitaka mahali ambapo ukuta una vidole vyangu. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo, kwa hasira, "Kama hukuniita, basi usinizuie."

Ndipo nikaitwa.

"Nai... panoi!"

Sauti ilikuwa imekauka, imekatika katikati, kama kitu kizito kilichoinuliwa, kikaanguka, kikainuliwa tena.

Nikamtazama mzee Keriako. Ilikuwa mazoea tu, nilikuwa nimeshamjua mwenye sauti ya kwanza. Mzee alikuwa amegeuka. Amegeuka mwili mzima juu ya siti, amevunja desturi, ananitazama usoni. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Mama, unaitwa," dereva akasema.

Filomena alikuwa amesimama pale kwenye karai na ufunguo mkononi. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono mwingine. Alikuwa anautazama mlango wa bibi Chausiku, mlango wenye kufuli, wa mwanamke ambaye tangu kiharusi hajatoa neno hata moja kwa mtu yeyote, hata kwa mjukuu wake.

Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye pikipiki, mwingine ulikuwa ungali chini, kwenye vumbi la Ngombezi. Nilingoja mtu aniambie nimesikia vibaya.

Mzee Keriako akavua kofia yake. Sikuwahi kumwona akiivua mbele ya mwanamke.

"Entawuo," akasema taratibu, "mara hii si mimi."